Maziwa ya Bwana Koti

Harufu inayonirudisha Kirolirwe ya utotoni mwangu, kijijini kwetu milimani, si ya ng'ombe, ingawa watu hudhani hivyo wakisikia kwamba nilizaliwa kwa wafugaji. Ni harufu ya moshi ndani ya kibuyu. Kila asubuhi kabla ya kukama, Mama alichoma majani makavu juu ya kigae, akakiinamisha kibuyu juu yake mpaka kikajaa moshi, akakiziba kwa kiganja, akakitikisa, kisha akaniachia ninuse nimwambie kama kiko tayari. Moshi ule uliyafanya maziwa yasiharibike upesi, na uliyapa ladha ambayo sijaipata tena katika chupa wala pakiti. Sasa nimepita miaka themanini na pua yangu imechoka, lakini nikikutana na harufu ile mahali popote, ninasimama. Sisimami kwa furaha wala kwa huzuni. Ninasimama tu, mikono imening'inia, mpaka mtu aniulize kama ninaumwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja katika kiangazi ninachotaka kukieleza, miaka michache kabla ya uhuru kuanza kutajwa hadharani. Nyumbani tulikuwa wanne. Papa alichunga ng'ombe wetu na wa watu, alikama na alinung'unika. Mama alitawala maziwa. Kaka yangu Donasiani, aliyenizidi miaka tisa, alikuwa amesoma kwa mapadri na alikuwa moniteur, yaani msaidizi wa mwalimu, katika shule ya kanisani. Mwezi wa tisa alitarajiwa kupewa darasa lake mwenyewe kule Bihambwe, na nyumba nzima ilitembea kichwa juu kwa sababu hiyo. Mimi Konsolata nilichunga ndama, kazi ambayo kila mtu alidhani ni rahisi isipokuwa aliyewahi kuifanya.

Maziwa tuliyauza. Kila asubuhi Papa aliyapeleka kwenye nyumba za wazungu wenye mashamba na kwa mapadri, na jioni wakulima wa jirani walikuja na maharage yao tukabadilishana. Lakini kulikuwa na maziwa yasiyouzwa. Mgeni aliyetoka njiani akiwa amechoka, akaingia ndani ya ua wetu, alipewa maziwa katika inkongoro, chombo chetu cha mti cha kunywea, na maziwa hayo hayakuwa na bei. Hakuna aliyemwuliza jina lake wala anakotoka mpaka arudishe chombo kitupu. Na akishakunywa, hakuna mtu wa nyumba ile aliyeruhusiwa kumtaja mbele ya anayemtafuta. Mama alisema kwamba nyumba inayomtaja mgeni aliyekunywa, ng'ombe wake hukauka. Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyotumia kusema kwamba mvua hulowesha, nami sikuwahi kuliwazia mara ya pili.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho, mjane mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba la pareto alifunga nyumba yake akarudi Ulaya. Alimpenda Donasiani kwa sababu aliongea naye Kifaransa bila kuchanganya, basi akamwachia sanduku la vitabu. Tulidhani ni vya sala. Vilikuwa vitabu vidogo vya karatasi mbaya, vilivyoandikwa na Waingereza kisha vikatafsiriwa kwa Kifaransa, na juu ya kila kimoja palichorwa mwanamume mwenye koti refu anayekimbia. Katika kimoja alikimbia mlimani, katika kingine juu ya bati la nyumba, katika kingine alining'inia kwenye garimoshi. Koti halikubadilika. Papa alivitazama vyote, akavipanga upya ndani ya sanduku, akauliza kama katika Uingereza kuna mtu anayetembea.

Donasiani alivisoma kimoja baada ya kingine, akaanza kutusimulia jioni, kabla ya jua kuzama, wakati ng'ombe wanarudi na moto wa kufukuza nzi umewashwa zizini. Alitusimulia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, kwa ajili ya Papa Hangi, mkulima Mhunde aliyeleta maharage na ambaye baada ya siku ya pili alianza kuleta pia kigoda chake mwenyewe. Majina ya mashujaa yalimshinda kila mtu kuyatamka, kwa hiyo wote tukawaita Bwana Koti, na hatukukosea sana, kwa kuwa walikuwa mtu mmoja. Bwana Koti alikuwa amepigana vita vile vya kwanza vya wazungu. Aliporudi kwao hakuwa na kazi, wala hakuitafuta, na hata hivyo alikula vizuri. Alishinda katika nyumba ya wanaume matajiri ambao walilipa ili wakae kimya wakisoma gazeti. Alikuwa amechoka kwa kukosa la kufanya. Ndipo mtu asiyemjua alipokuja mlangoni kwake na siri, na kabla siri haijaisha mtu huyo alikutwa amekufa, na polisi wakasema aliyemwua ni Bwana Koti. Akakimbia. Alikimbia kitabu kizima, polisi nyuma yake na wabaya mbele yake, akaiokoa nchi yake, kisha akarudi kwenye kiti chake na gazeti lake.

"Na ng'ombe zake, nani anazichunga wakati iko anakimbia?" Papa aliuliza.

"Hana ng'ombe, Papa."

"Bibi?"

"Hana."

"Sasa huyu muntu anakimbilia nini? Mi ningekaa chini, banikamate, nipumuzike."

Papa Hangi alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Donasiani hakucheka. Alitueleza kwa subira, kama anavyoeleza darasani, kwamba mtu wa namna ile ana neno moja. Akikupa neno lake, hata mkono wake ukikatwa atalitimiza. Hampigi aliyeanguka. Hakai mwanamke akiwa amesimama, hata awe mwanamke wa kupika. Na polisi humkosea kila mara, kwa sababu polisi huangalia mambo ya nje tu. Nilimwona kaka yangu akinyoosha mgongo alipokuwa akisema hayo. Siku zile alikuwa ameanza kufunga kifungo cha juu cha shati lake, hata zizini, na alisimama kila Mama alipoingia. Mama alimwuliza kama ameketi juu ya siafu.

Kuna sehemu ambayo Mama aliipenda kupita zote. Katika kimojawapo cha vitabu vile, Bwana Koti amekimbia siku mbili milimani bila kula, anafika kwenye nyumba ya mchungaji, na mke wa mchungaji anampa maziwa bila kumwuliza neno. Polisi wanapita, mwanamke anasema hakuona mtu. Kisha Bwana Koti anaendelea na safari. Mama hakutaka kusikia kuhusu garimoshi wala bastola. "Rudilia pale ya ule mwanamuke wa maziwa," alisema, na Donasiani alirudia. Aliposikia, Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakujua kwamba huko mbali, kwa wazungu, kuna watu wanaojua adabu. Kumbe kulikuwa na nyumba nyingine kama yetu.

Nimeyasema yote haya kwa kirefu ili ieleweke jinsi tulivyokuwa tayari. Asubuhi moja, ukungu haujainuka, niliwapeleka ndama kwenye chemchemi nikamkuta mzungu ameketi juu ya jiwe, ameweka miguu majini. Hakuwa na gari. Hakuwa na wapagazi wala kofia. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mzungu anayetembea kwa miguu peke yake. Ningeshangaa kidogo tu zaidi kumwona ng'ombe anayepanda baiskeli. Alivaa koti refu la kitambaa kizuri, lililochanika begani. Aliniona, akaweka kidole mdomoni. Niliwaacha ndama wa watu nikakimbia mpaka nyumbani.

"Kaka! Kaka, amefika! Ni ule wa mu kitabu!"

Walinicheka, kisha wakamwona akipanda nyuma yangu polepole, akichechemea. Mama alitoka nyumbani akajifuta mikono. Papa aliweka kigoda. Mzungu alikuwa karibu kuanguka kwa uchovu, lakini Mama alikuwa amesimama na yeye hakukaa. Alibaki amesimama mpaka Mama alipoketi juu ya mkeka. Nikamtazama Donasiani. Sijapata tena kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile, na nimeshuhudia watoto wengi wakizaliwa.

Mama hakuuliza. Alimimina maziwa ya asubuhi, yakiwa bado na joto la kiwele, akanipa nimpelekee. Nilimpa kwa mikono miwili. Alikunywa bila kupumua, koo likipanda na kushuka, mpaka chini kabisa, akanirudishia inkongoro na povu juu ya masharubu. Baada ya hapo Donasiani aliongea naye Kifaransa. Ndiyo, alikuwa Mwingereza. Ndiyo, London aliifahamu. Alikuwa akifanya kazi katika machimbo huko Walikale, na sasa askari walikuwa wakimfuata kwa jambo ambalo hakulifanya. Donasiani alitutafsiria sentensi hiyo ya mwisho, nasi hatukuhitaji tafsiri.

Alilala katika kibanda cha ndama mpaka saa tisa mchana. Kisha Donasiani akampeleka kwa njia ya ng'ombe inayopita nyuma ya vilima kwenda upande wa Rutshuru, ili asionekane barabarani. Kutoka huko angeweza kufika Uganda. Niliwafuata mpaka penye mti uliopigwa na radi, nikaona wanashika mkono wa kushoto, nikarudi. Donasiani aliingia nyumbani jua linatua, ameshika saa ya mfukoni ya fedha yenye mnyororo.

Alitueleza kwamba walipoagana yule Mwingereza alimpa neno lake. Akifika Uganda tu, ataandika barua kwa bwana ajenti, yaani Mbelgiji aliyekuwa akitawala sehemu yetu, na barua itaeleza kila kitu, na kwamba sisi hatuna kosa. Saa ile ilikuwa alama ya neno hilo. Angekuja mwenyewe kuichukua.

Mama hakutaka kuigusa. "Maziwa ya mugeni haina bei," alisema. "Rudisha."

"Si bei, Mama. Ni parole. Ni neno lake."

"Neno lake iko mu kinywa yake. Hii ni kitu. Rudisha."

"Amekwisha kwenda mbali. Nitarudisha namna gani?"

Papa alitazama moto. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akikataliwa ndani ya nyumba yake. Aliniambia niifiche saa mahali asipoiona. Niliitumbukiza ndani ya kibuyu cha zamani kilichokuwa na ufa, nikakitundika ukutani pamoja na vingine. Mchana, watu wakiwa malishoni, nilikishusha nikaweka sikio. Ilikuwa inatembea, kwa kuwa kila usiku Donasiani aliitia ufunguo. Nilidhani kwamba kadiri inavyotembea ndivyo na yeye anavyotembea, na nilifurahi.

Siku ya tatu walikuja: bwana ajenti mwenyewe, na askari wanne. Hawakupiga mtu. Nataka niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ajenti alikaa juu ya kigoda kilekile, akamwuliza Papa kwa Kiswahili kama ameona mzungu. Papa alisema hapana. Mama alisema hapana, akaongeza kwamba wazungu wa kwao wote wanapita na gari. Donasiani alisema hapana kwa Kifaransa kizuri sana, amenyoosha mgongo, kifungo cha juu kimefungwa.

"Sikiliza, moniteur," ajenti alisema. "Huyu bwana ameua muntu. Kule kwa machimbo. Mufanyakazi, muntu wa Buleusa. Aliweka mzigo chini bila ruhusa, bwana akamupiga risasi."

Nilikuwa nimesimama karibu na kaka yangu, na niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Alitabasamu. Si kwa kinywa. Pembeni mwa macho tu. Nilielewa mara moja, kwa sababu na mimi nilikuwa nimewaza hivyohivyo. Katika kila kitabu cha sanduku lile mtu hufa mwanzoni, na polisi huja na kusema aliyemwua ni Bwana Koti, na polisi hukosea. Ajenti asingeweza kuchagua maneno mengine ya kutuhakikishia kwamba mgeni wetu hakuwa na hatia. Yule mtu wa Buleusa, mimi sikumfikiria hata kidogo. Alikuwa ni yule maiti wa kurasa za kwanza, ambaye huletwa ili kitabu kianze.

Wangekwenda zao. Walikuwa wamekwisha simama. Lakini askari mmoja alikuwa na kiu, akamwomba Mama maziwa, na kabla Mama hajanyanyuka alinyoosha mkono ukutani akakamata kibuyu kilichokuwa karibu naye. Akakitikisa aone kama kina kitu. Akakisogeza sikioni. Akabaki hivyo, kichwa upande, amekunja uso. Akasema, "Bwana, hii kibuyu inasema."

Nyuma ya saa palichongwa jina la yule Mwingereza. Ajenti alilisoma, akaiweka mfukoni mwake, akamwambia Donasiani jambo ambalo mpaka leo ninalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa mlango na ulikuwa wazi kabisa. Alisema: "Onyesha njia alipita, na wewe unabakia hapa kwenu. Bila hivyo, saa uliiba, na muuaji ulimuficha. Chagua."

Donasiani akajibu kwamba hajui njia.

Ajenti akanigeukia mimi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa na kikohozi na macho mekundu ya mtu aliyelala ndani ya gari. "Na wewe, mutoto? Wewe unachunga huko juu. Ulimuona?"

Nilijua njia. Nilijua mti uliopigwa na radi na mkono wa kushoto. Nilimtazama Mama, Mama alikuwa ametazama inkongoro. Nilimtazama kaka yangu, naye akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake. Nikasema, "Sikuona muntu." Na niliona fahari. Haya ndiyo ninayotaka kuyaandika bila kuyapaka sukari: kaka yangu alipofungwa mikono kwa kamba mbele ya ng'ombe wetu, mimi niliona fahari mpaka ikanibana kifuani, kwa maana nilikuwa nimeingia kitabuni. Nilikuwa katika ile nyumba ya mchungaji.

Alipelekwa katika kasho, yaani mahabusu, la Masisi, nasi tukaanza kungoja barua. Hatukuwa na wasiwasi mwanzoni. Papa Hangi, ambaye hakuwa na deni lolote la maziwa wala la adabu kwetu, alijitolea kwenda Masisi kila juma na chakula mgongoni, kwa kuwa Papa hakuruhusiwa kuacha ng'ombe wa watu aliowachunga. Alirudi na maneno yaleyale. Kaka ni mzima. Kaka anauliza kama barua imefika. Tulimwambia amwambie kwamba iko njiani. Mjumbe wa mapadri alipopita na mfuko wake, Mama alitoka nje hata kama alikuwa na kibuyu mkononi, akasimama mpaka mfuko ulipozunguka kilima. Hakuwa anajua kusoma. Alitaka tu kuuona mfuko.

Nilimhesabia yule Mwingereza siku. Siku nne kufika Uganda, kwa mguu mbaya pengine sita. Siku moja kupumzika, siku moja kuandika. Nilipomaliza hesabu nilianza upya na kumwongezea siku: huenda mvua imemkamata, huenda wabaya wamempata kwanza, kama ilivyo katika sehemu ya katikati. Mvua zilikuja kweli, na zilitukuta sisi. Mwezi wa tisa ulifika, shule ya Bihambwe ikafunguliwa, darasa lake likapewa moniteur mwingine. Mwezi wa kumi tukasikia kwa mpishi wa mzungu mmoja kwamba Mwingereza alikwisha panda meli zamani na kwao hakuna aliyemwuliza lolote. Nilimkuta Mama amekaa na kibuyu kinachotoka moshi, amesahau kukiziba, moshi unatoka wote. Nilimwambia, "Mama, moshi." Akaangalia moshi. Hapo ndipo ganzi iliponiingia, na sina neno jingine la kuitaja. Sikulia siku hiyo wala siku walipomhukumu Donasiani. Nilichunga ndama. Niliporudi nilikula. Watu walisema mtoto huyu ni jasiri.

Walimpeleka kuvunja mawe ya barabara upande wa Walikale, na alikaa huko miaka miwili. Aliporudi hakuwa mgonjwa wala kilema. Alikuwa mtu aliyepungukiwa na maneno. Mama alimpa maziwa katika inkongoro, akaishika kwa muda mrefu, akaiweka chini imejaa. Ng'ombe wetu hawakukauka, ila yeye hakunywa tena maziwa mpaka alipokufa. Hakurudi shuleni pia. Wale waliovunja mawe pamoja naye walikuwepo siku ile machimboni, na walimsimulia. Jioni moja zizini, sisi wawili tu, aliniambia yote aliyokuwa nayo ya kusema: "Ilikuwa kweli. Aliitwa Kamundala."

Baadaye kidogo alifungua sanduku, akatafuta kile kitabu cha mchungaji, akanionyesha mahali. Wakati huo nilikuwa nimejifunza kusoma Kifaransa. Nilishangaa, maana katika masimulizi yake sehemu ile ilichukua muda wa kukama ng'ombe wawili, na kumbe kitabuni ilikuwa mistari minne. Mwanamke hakuwa na jina. Alitoa maziwa, polisi wakapita, na ukurasa uliofuata Bwana Koti alikuwa tayari ndani ya garimoshi. "Polisi walipogundua kwamba amedanganya, ilikuwa nini juu yake?" Donasiani aliuliza, naye hakuwa ananiuliza mimi. "Nimetafuta mpaka mwisho. Kitabu hakikumurudilia." Akarudisha kitabu, akaenda kuwafunga ndama.

Nilikua, nikasomea ukunga, na miaka mingi baada ya uhuru nilitumwa vijiji vya Walikale. Ndivyo nilivyofika Buleusa. Niliuliza nyumba ya Kamundala aliyefia machimboni, wakanionyesha binti yake, mwanamke wa umri wangu, ana mikono ya jembe. Alinikaribisha ndizi na maji. Hakuniuliza kitu mpaka nilipomaliza kula, nikatambua kwamba na kwao ndivyo wanavyofanya.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kirolirwe."

Alifikiri kidogo. "Ule muzungu alipitia kule."

"Alipita kwetu," nilisema. "Tulimupatia maziwa."

Hakunifukuza wala hakunitukana. Nilingoja afanye moja kati ya hayo, ningefarijika. Alikusanya maganda ya ndizi, akayaweka ndani ya sahani, akaifuta meza kwa kiganja. Halafu akauliza:

"Alikunywa yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu hicho muda mrefu na sasa amekipata, akainuka akaenda kutupa maganda. Alinisindikiza mpaka barabarani. Tuliagana vizuri.

Wajukuu wangu hawasomi vitabu vile, lakini wanavitazama kwenye simu. Ni yuleyule. Koti limekuwa fupi na magari yamekuwa mengi, lakini anakimbia, anavunja nyumba za watu, anaruka juu ya meza za wauza matunda, nao wanashangilia. Huwa ninawaomba warudishe nyuma nimwone yule muuza matunda. Wanasema, "Koko, haina maana, huyo si muntu wa filamu." Wananirudishia hata hivyo, kwa heshima. Anaonekana kidogo tu, ameinua mikono. Baada yake wanaendelea na mambo ya maana.

Kirolirwe bado nina ng'ombe wawili, na mlangoni pangu sasa, kwa vita hivi visivyokwisha, wanapita wanaokimbia wengi kuliko waliomo katika sanduku zima la Donasiani. Wengine wana watoto mgongoni, wengine wana bunduki ndani ya koti, na kwa uso siwezi kuwatofautisha. Wote wamechoka. Wote wanasema hawakufanya kitu. Maziwa ninawapa, sijamnyima mtu hata mmoja, na bei sijawahi kutaja. Lakini kwanza ninakishika chombo kimejaa mikononi mwangu, mtu amesimama mbele yangu na kiu yake, na ninamwuliza anaitwa nani, ametoka wapi, na huko alikotoka amemwacha nani ardhini. Mama angeona aibu kunizaa. Wapo wanaojibu wakanywa. Wapo wanaogeuka na kwenda zao, nami ninabaki na maziwa yangu mpaka yapoe.